Makofi Mawili Sakafuni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Ilitukuta kwenye kipindi cha hesabu, na kelele ya mabati ikamshinda mwalimu, akaandika kila kitu ubaoni bila kusema neno. Mimi nilifurahi. Siku ambayo mwalimu hasikiki hakuna anayesimamishwa kujibu.

Nyumbani nilimkuta Baba amesimama mlangoni mwa karakana, anaitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Baba ni fundi makochi, na unyevu ndio adui yake: gundi haikauki, sponji inanuka, vitambaa vinaota madoa. Kila msimu wa mvua hubeba sanduku lake la vifaa na kwenda kutengeneza makochi majumbani kwa wateja mpaka jioni. Karakana hubaki na kaka. Kaka alimaliza shule mwaka jana, sasa anajifunza kazi kwa Baba.

"Maktaba," kaka akaniambia. Hilo ndilo jina alilonipa kwa sababu ya vitabu. "Msimu huu tunapiga filamu."

"Filamu gani?"

"Ya ngumi. Kwani ipo nyingine?"

Paa la karakana limetoboka tena. Baba amefunga turubai juu, chini ya tundu, likamate maji. Likijaa linaning'inia kama tumbo. Kazi yangu kila nikitoka shule ni kulisukuma kwa mti, maji yaelekee kona moja na kumwagikia kwenye pipa. Kuna kamba inayolishikilia, karibu na mlango, ambayo Baba ameniapisha nisiiguse. "Ukiivuta hiyo wakati limejaa, tutaogelea sote na makochi yetu."

Jumatano, 5 Machi

Filamu inahitaji mwandishi, na mwandishi ni mimi. Sikuombwa, niliambiwa. Kaka ndiye mwongozaji na ndiye steringi, yaani shujaa wa filamu. Rafiki yake Tochi, anayetengeneza simu, ndiye mpiga picha, kwa sababu simu yake ndiyo yenye kamera nzuri. Adui bado hajapatikana.

"Adui si tatizo," Tochi akasema. "Mchukue mjomba wako, uso tayari anao."

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Nimemwaga turubai mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Leo tumeangalia filamu kwenye kompyuta ya Tochi tangu tulipomaliza kula mchana mpaka Mama akatuuliza kama macho yetu tumeyakodi. Kaka aliniambia niangalie kama mwandishi, nisiangalie kama mtoto. Nimeandika mapigano matatu ambayo hayanitoki.

La kwanza ni la fundi miavuli mzee. Vijana wanamzunguka kwenye mvua, naye anapigana bila kufunga mwavuli wake. Mwisho wao wote wamelala kwenye matope na yeye ni mkavu.

La pili ni la ndugu wawili wanaopigana jikoni. Mama yao amelala chumba cha pili. Kila sahani inapotaka kuanguka wanaacha ngumi, wanaidaka wote wawili, wanaiweka mahali pake polepole, kisha wanaendelea kuumizana. Kaka alicheka mpaka akatoa machozi. Nilipomtazama tena alikuwa hacheki, lakini machozi yalikuwepo bado.

La tatu ni la ukumbini. Mtu mmoja dhidi ya wengi, na kamera haikatwi hata mara moja. Katikati anachoka. Anaegemea ukuta, anahema, na adui zake nao wanahema wakimsubiri. Nadhani ndilo bora kuliko yote. Mateke nimeshayasahau, lakini pale alipoegemea ukuta nilishika mkono wa Tochi bila kujua, na Tochi akasema, "Dada, huo mkono nautengenezea simu."

Nimeandika pembeni: pigano linalokumbukwa ni lile ambalo mtazamaji aliogopa kweli.

Jumanne, 11 Machi

Adui amepatikana. Lori la sponji lilikuja, na aliyeshusha mizigo ni kijana mmoja ambaye wenzake wanamwita Kimya. Anabeba marobota mawili, moja kila bega, na hapumui kwa mdomo. Robota moja lilipoteleza kutoka juu ya lori alizunguka na kulisukuma kwa kisigino likarudi juu. Kaka alisahau kusaini risiti.

"Ulijifunzia wapi?"

"Zamani. Kwa mwalimu mmoja."

"Na sasa?"

"Sasa nabeba."

Basi. Hayo ndiyo maneno yote aliyosema; kaka alipomwomba awe adui wetu, aliitikia kwa kichwa. Nilimpenda mara moja, yaani kwa namna ya mtu kupenda mtu mwingine asiyependa kusema. (Kaka asisome hapa.)

Alhamisi, 13 Machi

Mazoezi ya kwanza. Nimeandika kanuni ambazo kaka amezitangaza, na nimezibandika ukutani juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Anayepigwa ndiye anayefanya kazi. Anayepiga anapitisha tu mkono hewani; ni yule wa pili anayerusha kichwa, anayeanguka, anayelia.

Mwongozaji peke yake ndiye anayesema "kata". Atakayeingia kwenye picha kabla ya "kata" atafagia karakana wiki nzima.

Sauti tutaiweka baadaye, kwa sababu mvua juu ya mabati inameza kila kitu. Tochi atapiga kitambaa kilicholowa mezani, na kwa sauti ya mifupa atavunja vijiti vikavu.

Na hii ya mwisho aliisema Tochi: "Sasa mwongozaji yumo ndani ya picha. Akiumia kweli na hasikiki, tutajuaje?" Kaka akafikiri, akasema atakayeumia kweli apige sakafu kwa kiganja, mara mbili. Makofi mawili sakafuni ni kweli. Mengine yote ni uongo.

Kimya alisoma kanuni zote akiwa amesimama, akifuta mikono kwenye suruali. Ya kwanza ilimsumbua. "Mimi najua kupiga," alisema. "Kupitisha mkono hewani sijui."

"Utajifunza," kaka akamwambia, akampiga begani. "Ni kama kubeba robota tupu ukijifanya ni zito."

Jumamosi, 15 Machi

Siku nzuri kuliko zote. Tumerekodi pigano la kwenye ngazi. Kimya anajifunza haraka. Mara moja tu ngumi yake ilimfikia kaka kifuani, na kaka akakaa chini akikohoa na kucheka. Kimya hakucheka. Alisimama akiutazama mkono wake kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Jumatatu, 17 Machi

Mtihani wa fasihi. Nimefanya vizuri. Sikunyoosha mkono siku nzima.

Jumatano, 19 Machi

Kitu kilitokea leo, na sijui nikiite kichekesho au nini.

Tulikuwa tunarekodi adui anaporushwa juu ya kochi. Kaka aliweka fremu ya kochi kuukuu, juu sponji, juu yake kitambaa. Alisahau kwamba mbao za kati Baba alishazing'oa. Kimya akaruka, akatua, akazama mpaka makwapani, miguu ikabaki hewani. Na akalia. Alilia, "Mama!" kwa sauti nyembamba ya mtoto, tukaisikia sote juu ya mvua.

Tulicheka. Na mimi nilicheka, tena sana, mpaka nikakaa juu ya robota. Kimya naye alicheka. Alicheka kuliko wote, na alipomaliza kucheka aliendelea kutabasamu, na lile tabasamu lilikaa pale usoni muda mrefu, hata tulipokuwa tumeshaanza kuzungumza mambo mengine.

Ijumaa, 21 Machi

Tochi ameitia muziki ile video na kuituma kwa watu. Kila linapofika neno "Mama!" muziki unasimama kidogo, halafu neno linarudiwa. Leo darasani msichana wa kiti cha nyuma alikuwa nayo. Alinionyesha bila kujua kwamba ni karakana yetu.

Jumapili, 23 Machi

Nilipita na Mama kwenye stendi ya malori. Kimya alikuwa na mzigo kichwani. Watoto wadogo kabisa, wasiofika hata kiunoni mwake, walikuwa wanamfuata nyuma wakiita, "Mamaaa!" Mpiga debe naye akaitikia, "Nini mwanangu?" Stendi nzima ikacheka. Kimya hakugeuka. Aliweka mzigo chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akarudi kuchukua mwingine.

"Yule kijana kafanya nini?" Mama akaniuliza.

"Alianguka," nikasema.

Jumatatu, 24 Machi

Nilimwambia kaka niliyoyaona. Nilitegemea atacheka, kwa sababu kaka hucheka kila kitu, na tangu nikiwa mdogo nimemwona kama redio isiyozimwa. Hakucheka. Alimfuata Tochi akamlazimisha aifute video, na Tochi akaifuta, lakini akasema, "Kaka, nimefuta kwangu. Kwa watu je? Hiyo sasa ni kama harufu."

Kisha kaka akaenda stendi kwenye mvua bila koti. Alirudi amelowa.

"Nimemwomba msamaha."

"Akasemaje?"

"Amesema yameisha. Akanipa mkono." Kaka akautazama mkono wake, akaukunja na kuukunjua. "Ana nguvu, yule."

Alhamisi, 27 Machi

Kimya amerudi kwenye mazoezi. Hakuna aliyelitaja lile jambo. Turubai lilikuwa limejaa sana, nilitumia mti kwa mikono miwili.

Jumamosi, 29 Machi

Nilikuwa kwenye meza ya kukatia vitambaa, naandika pigano la mwisho, na mwanga ukapungua. Kimya alikuwa amesimama dirishani, nje, maji yakimtiririka.

"Wewe ndiye unayeandika?"

Nikasema ndiyo, nadhani kwa kichwa tu.

"Na ukiandika, wanafuata?"

"Wanafuata. Kaka anasema kilichoandikwa kimeandikwa."

Akaniuliza ni pigano gani sijalisahau. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama hilo, watu huniuliza mbona husemi. Nikamweleza la ukumbini, na yule mtu aliyeegemea ukuta. Nilisema mengi kuliko niliyosema shuleni muhula mzima. Kisha nikamuuliza na yeye.

"Hilohilo," akasema. "Lakini mwisho wake. Kelele zimekwisha. Yule wa mwisho kapiga magoti, na hakuna anayecheka."

Aliomba kusoma ninachoandika. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Akasema ni kizuri lakini hakina uchungu. Steringi anashinda mapema mno. Akasema: mwache steringi akamatwe. Adui amkabe kabali, wote wawili wako chini. Steringi apige sakafu, mara mbili, kuomba. Na adui asimwachie. Watazamaji waone mkono unapiga na hakuna msaada. Hapo ndipo wataogopa.

Ni kweli. Wataogopa kweli. Hilo ndilo nililoliandika mwenyewe pembeni, na yeye kalijua bila kulisoma.

Nimeandika mpaka Mama akanitoa kwa nguvu nikale.

Jumapili, 30 Machi

Kaka alisoma onyesho jipya kwa sauti, akisimama juu ya robota. Alipofika pale, "Mkono wake unapiga sakafu mara mbili. Adui anautazama mkono huo. Haachii," aliibusu karatasi.

"Maktaba! Hii ndiyo!"

"Steringi hafi lakini?" Tochi akauliza. "Maana mimi nina wateja wananidai simu zao, sitaki msiba."

"Steringi hafi," kaka akasema. "Anapata nguvu za ghafla mwishoni, kama kawaida."

Kimya alikuwa amekaa mlangoni, akifuta mikono. Nilimtazama nikitegemea atafurahi. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Mvua. Daftari la jiografia limelowa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mtihani wa historia. Tulipewa maji ya kunywa mlangoni, na msichana mmoja wa mbele alipaliwa na maji. Hakuweza kusema. Alipiga dawati kwa kiganja, pa, pa, na sote tuliendelea kuandika. Msimamizi alidhani anataka karatasi ya ziada. Akamletea karatasi.

Yuko salama, mwenzake alimpiga mgongoni. Lakini mimi kuanzia hapo sikuandika tena cha maana.

Makofi mawili ni kweli, mengine yote ni uongo. Ndiyo kanuni yetu, iko ukutani kwa mwandiko wangu. Na mimi nimeyaweka makofi mawili ndani ya uongo. Kaka akipiga sakafu, Tochi ataendelea kurekodi, kwa sababu imeandikwa.

Nilikimbia nyumbani kwenye maji ya magoti. Kaka hakuwepo, alikuwa amekwenda kumsaidia Baba kubeba kochi la mteja. Karakanani alikuwepo Kimya peke yake, amekaa juu ya robota. Nilifurahi kumkuta. Nilimweleza yote, nikihema, na nadhani nilikuwa karibu kulia: lazima tubadilishe ishara, labda kisigino, labda apige ukuta, chochote.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Una akili sana," akasema. "Nenda kapumzike. Nitamwambia mimi."

Ijumaa, 4 Aprili

Kesho ni pigano la mwisho. Kaka alirudi jana nimeshalala, na leo asubuhi aliondoka na Baba kabla sijaamka, na bado hawajarudi. Lakini Kimya amesema atamwambia.

Mvua haijakata tangu jana. Sikumwaga turubai, nilikuwa na mtihani wa mwisho na nimerudi gizani. Nitalimwaga kesho.

Jumatatu, 7 Aprili

Sasa naweza kuandika.

Jumamosi niliwahi karakana lakini walikuwa wamenitangulia. Tochi ameshafunga simu kwenye mti wa ufagio, taa iko juu ya kabati, sakafu imemwagiwa maji kidogo ing'ae. Tumbo la turubai lilikuwa limeshuka kuliko nilivyowahi kuliona, karibu kugusa kichwa cha mtu. "Liache," Tochi aliniambia kwa ishara, maana mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hata ukipiga kelele karibu na mtu anakuuliza "eti?" Akanionyesha kivuli chake kizuri sakafuni.

Nilimsogelea kaka. Nilitaka kumuuliza: ishara mpya ni ipi? Alikuwa anaruka-ruka, anajipasha moto, uso umejaa furaha. Nikamshika mkono. Akadhani namtakia heri, akanibana pua kama alivyokuwa akinibana zamani. Nikasema, "Kimya amekwambia?" Akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa kwamba hasikii, akacheka, akaenda mahali pake.

Ningeweza kupaza sauti. Ningeweza kusimama katikati. Lakini Tochi alikuwa ameshainua kidole, na mimi ni mtu ambaye miaka yote hii nimeketi pembeni. Nilirudi pembeni, karibu na mlango.

Walianza. Lilikuwa pigano zuri, na lazima niliandike hilo pia. Kimya alikuwa amejifunza kila kitu. Alipitisha ngumi hewani na kaka akarusha kichwa, alipitisha teke na kaka akazunguka na kuanguka kwenye sponji. Waliegemea ukuta wakihema, mmoja huku na mwingine kule, kama nilivyoandika. Nilisahau kuogopa. Kwa muda kidogo nilikuwa mtazamaji tu.

Kisha wakawa chini. Kimya nyuma ya kaka, mkono umepita chini ya kidevu, kiwiko kikiwa sawa na koromeo. Mazoezini kaka alitufundisha kwamba pale kwenye kiwiko pabaki nafasi, ngumi ya mtoto ipite. Nilitafuta ile nafasi. Sikuiona.

Mkono wa kaka ukapiga sakafu mara mbili. Maji yakaruka.

Tochi akanigeukia na kuinua dole gumba. Kwake ilikuwa picha nzuri ajabu.

Kaka akapiga tena. Mara mbili, tena mara mbili. Hiyo haikuwa kwenye karatasi. Niliandika mara mbili tu. Miguu yake ilikuwa inatafuta kitu cha kukanyaga na haikipati, na uso wake, chini ya taa, ulikuwa unageuka rangi ambayo hakuna anayeweza kuigiza. Mdomo wake ulikuwa unatengeneza neno. Najua neno lenyewe. Lilikuwa "kata". Kaka alikuwa ndiye mwongozaji, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulisema.

Nililisema mimi. Nililipaza kwa nguvu zangu zote, "Kata! Kata!" na sikujisikia hata mwenyewe. Mvua ililimeza kama ilivyomeza kila kitu.

Kimya aliinua macho akaniangalia. Hakuwa na hasira. Ningependa kuandika kwamba alikuwa na hasira. Alikuwa na uso uleule wa dirishani, wa mtu anayesoma polepole, kidole chini ya mstari. Kwake, kama mwisho wa lile pigano la ukumbini, kelele zilikuwa zimekwisha, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Sina nguvu za kumng'oa mtu anayebeba marobota mawili. Nilitazama huku na huku kwa kitu chochote, na mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kitu. Ulikuwa umeshika kamba. Ile ya karibu na mlango.

Nikaivuta.

Sijui turubai lilikuwa na mapipa mangapi ya maji. Lilishuka lote kwa pamoja juu yao, na fremu ya kochi ikaanguka, taa ikapasuka, Tochi akaangushwa pamoja na simu yake. Nilipofungua macho Kimya alikuwa amekaa mita moja nyuma, nywele zimelala usoni, mikono wazi. Kaka alikuwa amelala kifudifudi. Nilimvuta kwa kwapa. Alitoa sauti kama ya mlango wa kabati kuukuu, kisha akavuta hewa. Akavuta tena.

Tochi alikuwa ananipigia kelele sikioni, "Umeharibu! Umeharibu, we mtoto, ilikuwa inakwenda vizuri!" Kisha akamwona kaka, akaja kumshika mkono.

Kimya alisimama. Alifuta mikono kwenye suruali iliyolowa chepechepe, kazi bure. Akainama karibu nami ili nimsikie.

"Sikusikia kata," alisema.

Akatoka kwenye mvua, akitembea tu.

Jumanne, 8 Aprili

Daktari amesema koo limevimba na kitu fulani ndani kimepata ufa. Kaka asitoe neno hata moja kwa wiki kadhaa, na baadaye tutaona kama sauti itarudi yote. Mama anamkalia kitandani kama askari. "Ukijaribu kunong'ona tu nitakuziba mdomo na hii kanga," anamwambia, halafu anatoka kwenda kulia uani akidhani hatumwoni.

Nilimuuliza kaka swali moja. "Alikwambia kuhusu ishara mpya?"

Kaka akatikisa kichwa: hapana.

Alhamisi, 10 Aprili

Baba alikwenda stendi. Alikwenda na nyundo, Mama akampokonya mlangoni, akaenda mikono mitupu. Alirudi mapema kuliko tulivyotegemea, akakaa kwenye kiti kisicho na sponji.

"Amesema ilikuwa imeandikwa," Baba akasema. "Wenzake wote wamesimama upande wake. Wanasema kijana alifuata alichoambiwa. Nikamwambia anionyeshe, akanionyesha." Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa vizuri, kavu. Ilikuwa nakala yake. "Nani aliandika haya? Haachii. Nani aliandika?"

"Mimi, Baba."

Hakunigombeza. Aliisoma tena, mara hii kimya, akanirudishia kama mtu anayerudisha kitu kilichovunjikia mkononi mwake. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 12 Aprili

Simu ya Tochi haikufa. Sijui ni nani aliyemshauri, au kama alihitaji kushauriwa, lakini pigano limeshatoka. Amelikata kabla ya maji.

Jumatatu, 21 Aprili

Kila mtu amelitazama. Msichana wa kiti cha nyuma amelitazama. Dereva mmoja alisimamisha gari kumwambia Baba kwamba mwanawe ni mwigizaji wa kimataifa. Wanasema hawajawahi kuona pigano kama lile, wanasema ni kama kweli. Pale mkono unapopiga maji wanarudisha nyuma na kutazama tena.

Nilipita stendi. Kimya alikuwa anashusha mizigo. Wale watoto wadogo walikuwa wameketi mstari mmoja kwenye ukuta, wanamtazama, na hakuna aliyeita chochote.

Jumapili, 4 Mei

Jua. Baba ameanika vitambaa vilivyosalia. Turubai limeshushwa, limekunjwa, liko nyuma ya kabati. Kanuni zangu bado zilikuwa ukutani, wino umetiririka. Nimezibandua.

Tochi alikuja kumsalimia kaka, akasimama mlangoni mwa chumba akizungusha kofia mkononi. Kaka alimwashiria aingie. Walicheza karata mchana kutwa bila kusemezana, na Tochi alishindwa makusudi kila mara, na kaka alijua.

Jumatatu, 12 Mei

Muhula umekwisha. Leo mwalimu wa fasihi alirudisha karatasi, akauliza nani angependa kusoma insha yake mbele ya darasa. Nilinyoosha mkono. Sijui nilisoma nini. Najua kwamba nilipaza sauti mno, mpaka mwalimu akasema, "Taratibu, mwanangu, tunakusikia."

Sauti ya kaka haijarudi. Inatoka kama pumzi, na daktari anamkataza hata hiyo. Chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta wa mbao. Akihitaji maji, au dawa, au mtu wa kukaa naye tu, anagonga kwa kiganja, mara mbili. Mama amemwambia mara nyingi agonge mara tatu, au apige filimbi, au atikise kopo. Anasahau. Mkono umeshazoea.

Anagonga sasa. Sijawahi kusubiri kofi la pili.